Shukrani ya Tonge na Mwendo wa Miguu

Kila Mwislamu aliyelelewa vema hufunzwa tangu utotoni kulitaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kulitia tonge kinywani na kumhimidi baada ya kulimeza la mwisho, na Mkristo wa Namirembe au wa Rubaga naye hufumba macho kabla majani ya matoke hayajafunuliwa. Lakini swali ambalo sijalisikia likiulizwa sana katika hadhara zetu hapa Kampala ni hili: shukrani ya chakula humalizika wakati gani? Je, hukoma pale ulimi unapotamka himidi na mikono inaponawishwa, au limebaki deni linalodaiwa viungo vingine baada ya ulimi kunyamaza? Naliuliza kwa sababu elimu ya tiba ya zama zetu imebainisha kwamba chakula, hususan chakula chenye mafuta, hakimaliziki kuliwa kinapomezwa; kingali kinaliwa ndani ya damu kwa saa nyingi, na miguu ya mlaji ina sehemu kubwa katika jambo hilo.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 katika mji wa Tus, ameifasiri shukrani katika kitabu chake cha Ihyaa Ulumiddin kwa fasiri ambayo sijaona inayoizidi kwa kina. Kwake yeye shukrani ni mambo matatu yaliyofungamana: elimu, nayo ni kuijua neema kuwa imetoka kwa Mneemeshaji, hali, nayo ni ile furaha ya moyo inayozaliwa na elimu hiyo, na amali, nayo ni kuitumia neema katika lile iliyoumbiwa. Hili la tatu ndilo zito. Mwenye kumpiga mwenziwe pasipo haki, kwa hoja yake, ameikufuru neema ya mkono, kwa kuwa mkono haukuumbiwa dhuluma. Na ili aonyeshe jinsi neema moja ilivyobebana na neema zisizohesabika, alikichukua chakula akakifuata njia nzima: hisi zinazokitambua, matamanio yanayokitaka, miguu inayokiendea, mikono inayokitwaa, meno yanayokisaga, mate yanayokilainisha, tumbo linalokipika, mpaka ini na mishipa inayokigawa mwilini. Msomaji atazame mahali Imamu alipoiweka miguu: imewekwa mwanzoni, kabla ya tonge, kuwa ni chombo cha kutafutia. Hapakuwa na haja ya kuitaja tena baada ya hapo, maana mtu aliyeiendea riziki yake tangu alfajiri, akailima, akaibeba na kuirudisha nyumbani, hakuhitaji kuambiwa ainuke akatembee. Sisi leo twaletewa chakula mlangoni juu ya bodaboda, na miguu imeondolewa kabisa katika safari ya tonge. Neno langu ni kwamba yapasa irejeshwe, na kwamba pale ilipokosekana mwanzoni, haki yake sasa ni kuwekwa mwishoni.

Ili jambo hili lisibaki kuwa mawaidha matupu, ni lazima tuifuate njia ya mafuta kwa subira ile ile aliyokuwa nayo Imamu. Mafuta tuyalayo, yawe ya roleksi iliyokaangwa kando ya njia pale Wandegeya, yawe ya karanga za binyebwa au ya nyama ya kuchoma, hayana tabia ya sukari, ambayo hupenya ukuta wa utumbo mwembamba na kuelekea ini moja kwa moja. Yenyewe hulainishwa na nyongo, huvunjwa na vimeng'enya, huingia katika seli za ukuta wa utumbo, na humo huundwa upya kuwa trigliseridi, kisha hufungwa katika vijidonge vilivyovikwa protini viitwavyo kilomikroni. Vijidonge hivyo havionekani kwa jicho, ilhali ni vikubwa kupita kiasi cha kuweza kuingia katika mishipa midogo ya damu iliyo pale utumboni. Kwa hiyo hushika njia ya limfu, hupanda kifuani, na humiminika katika damu upande wa kushoto, chini ya shingo. Ukitoa damu ya mtu saa chache baada ya karamu nono ukaiacha itulie, yale majimaji yake ambayo kwa kawaida huwa maangavu utayaona yameingiwa na weupe wa maziwa. Mafuta hayo aghalabu hufika kilele baada ya saa 3 hadi 5, kisha hushuka taratibu, na huenda yasirudi mahali pake mpaka zipite saa 6 au 8. Basi mtu alaye asubuhi, mchana na jioni, na baina ya hayo akanywa chai ya maziwa kwa sambusa, hupitisha karibu siku yake nzima ya kuwa macho akiwa na mafuta ya mlo uliopita ndani ya damu.

Ni nani basi wa kuyapokea? Juu ya kuta za mishipa midogo kabisa inayopita katika misuli na katika shahamu ya mwili, Mola ametandaza kimeng'enya kiitwacho lipasi ya lipoprotini, ambacho kazi yake ni kuvifungua vile vijidonge vinapopita na kuyatoa mafuta yaingie ndani, yawe nguvu ya kutenda au yawe akiba. Msuli uliofanya kazi hukiongeza kimeng'enya hicho. Msuli uliokalishwa kutwa hukipunguza. Mafuta yasiyopata mpokeaji hubaki yakizunguka kama shehena iliyoshushwa forodhani isiyo na mwenye kuichukua, na mabaki ya vijidonge vilivyofunguliwa nusu hukawia katika damu. Mwaka 1979 mtaalamu Donald Zilversmit alitoa nadharia kwamba mabaki hayo ya baada ya mlo, ambayo hayaonekani tunapopimwa damu hali tumefunga, yamo miongoni mwa yale yanayojipenyeza katika kuta za ateri na kuanzisha ule ugumu ambao mwisho wake ni maradhi ya moyo.

Katika miaka ya 1990, huko Loughborough nchini Uingereza, Adrianne Hardman na wenziwe waliwatembeza watu kwa miguu na kuipima damu yao baada ya milo ya mafuta, na taarifa yao ya mwaka 1994 ina jambo ambalo kila nikilifikiri hunizidishia staajabu. Vijana wenye afya walitembea muda wa saa 2 kwa mwendo wa wastani, wakalala, na asubuhi yake wakalishwa chakula chenye mafuta mengi; kupanda kwa mafuta katika damu yao kukawa pungufu kwa takriban thuluthi kuliko walipokula chakula kile kile bila ya kutembea jana yake. Mwendo ulikuwa umekwisha, miguu imepumzika usiku kucha, na bado mwili ulikuwa tayari kumpokea mgeni ambaye hajafika. Sababu moja ni kwamba kile kimeng'enya cha misuli hakiongezeki papo hapo. Huchukua saa kadhaa kuzidi, na tena inaelekea ini nalo hupunguza kiasi cha mafuta linachokitoa lenyewe. Baadaye walionyesha kuwa kutembea baada ya kula nako kunafaa, na mwaka 2000 wakaonyesha kwamba mwendo wa haraka wa dakika 10 uliorudiwa mara tatu kwa siku hufanya kazi sawasawa na ule wa dakika 30 kwa mkupuo mmoja. Lakini walibainisha pia kwamba faida hii haina urithi: hata mwenye mazoezi ya muda mrefu, akikaa siku mbili tatu bila ya kujishughulisha, sehemu kubwa ya ubora wake katika jambo hili humtoka. Tena mwenye kutembea kisha akairudisha kwa chakula ile nguvu yote aliyoitumia hupata faida iliyopungua.

Mimi naona katika hayo sheria ya shukrani imeandikwa ndani ya nyama. Neema ya jana ilishukuriwa jana, na sala ya adhuhuri iliyosaliwa wiki iliyopita haimwondolei mtu adhuhuri ya leo. Kadhalika mwendo wa mwezi uliopita hauupokei mlo wa usiku huu. Na lile agizo mashuhuri la Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, la kuligawanya tumbo sehemu tatu, moja ya chakula, moja ya maji na moja ya pumzi, halikubatilishwa na miguu, kwa maana atembeaye kisha akaongeza roleksi ya pili ameitoa kwa mkono huu amali aliyoileta kwa mkono ule.

Kampala ina haki ya kulizungumza jambo hili kuliko miji mingi, kwani sehemu ya elimu yenyewe ilianzia juu ya kilima chetu cha Mulago. Hugh Trowell, tabibu Mwingereza aliyehamia Uganda mwaka 1935, alitumia miaka mingi ya kazi yake pale akiwahangaikia watoto waliovimba na kubabuka ngozi kwa kwashakoo, maradhi ya upungufu wa chakula, naye ni mmoja wa waandishi wa kitabu kikubwa juu ya maradhi hayo kilichotoka mwaka 1954. Mikono hiyo hiyo iliyowanywesha maziwa watoto wa njaa ndiyo iliyoandika, pamoja na mwenziwe Singh, mwaka 1956, habari ya Mwafrika mmoja wa Afrika Mashariki aliyepatikana na maradhi ya mishipa ya moyo, mtu mnene aliyeishi Uingereza miaka mingi; na jambo hilo lilikuwa adimu hata likastahili kuchapishwa katika jarida la tiba. Miaka 3 baadaye Shaper na Jones, nao wa Kampala, walilinganisha kolesteroli katika damu ya Waafrika na Wahindi wa mji huu, wakakuta ya Waafrika iko chini sana, na wakaeleza kwamba maradhi hayo yalikuwa karibu hayapo kwa Waafrika wa Uganda ilhali kwa Wahindi yalikuwa balaa kubwa. Wao walielekeza macho yao zaidi kwenye chakula: matoke upande huu, samli na mafuta ya kupikia upande ule. Lakini mtu aliyekula matoke katika siku hizo ndiye pia aliyekuwa akitembea, na mwenye duka akiketi nyuma ya meza yake. Kwa hiyo hesabu ile haikuweza kutenganisha kilichofanywa na sahani na kilichofanywa na nyayo. Trowell aliporejea kwao alipewa daraja la upadri katika kanisa la Kianglikana, na sioni ajabu kwamba mtu aliyeyaona maradhi ya njaa na maradhi ya shibe katika wodi za hospitali moja aliishia madhabahuni.

Palikuwa na watu wengine walioweza kuutegua ugumu huo. Shaper alikwenda kaskazini ya Kenya kwa Wasamburu, ambao wapiganaji wao hunywa maziwa kwa wingi mkubwa, na taarifa yake ya mwaka 1962 ikaonyesha kwamba pamoja na mafuta yote hayo kolesteroli yao ilikuwa chini na mioyo yao salama. George Mann wa Marekani alifika kwa Wamasai wa Tanganyika akaona mfano wa hayo, na waliosikia wakafurahi, wakasema mchungaji hatembei bure. Hata hivyo Mann alipozichunguza maiti za Wamasai, akachapisha matokeo mwaka 1972, aliukuta ugumu umo ndani ya mishipa ya moyo yao. Kilichowaokoa, kwa rai yake, ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kwa wepesi wa miili yao hata damu ikapata nafasi ya kupita. Naikumbusha habari hii kwa makusudi, maana wapo wahubiri wa afya wanaousifu mwendo kana kwamba ni kafara ya kila dhambi ya meza.

Sasa nafika penye ugumu ambao kwangu ndio kiini cha maudhui haya. Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walizikusanya hesabu za nchi 168 ili kujua ni watu wazima wangapi wasioushughulisha mwili kwa kadiri itoshayo, na Uganda ikaonekana kuwa bora kuliko zote: waliopungukiwa walikuwa asilimia 5.5 tu, hali Kuwait walifikia 67. Tulijivuna, na kujivuna huko hakukuwa na ubaya. Lakini ni nani hao waliotupatia cheo hicho? Ni mchukuzi wa soko la Owino mwenye gunia mgongoni, ni mama auzaye ndizi kwa sinia kichwani akipanda Nakasero na kushuka, ni fundi mwashi atokaye Bwaise kabla ya mapambazuko kwenda kazini kwa miguu kwa kuwa nauli ya takisi ingeila nusu ya ujira wake. Damu yao husafika bila ya wao kujua kilomikroni ni nini, wala hawakutia nia yoyote isipokuwa ya kuwahi kazini. Je, wameshukuru?

Wanazuoni hutufundisha kwamba viumbe vyote humsujudia Muumba, vingine kwa hiari na vingine kwa kulazimika, na kwamba thawabu ya mja imefungamanishwa na nia yake. Kwa kipimo hicho mguu wa mchukuzi umemtii Mungu utii ule unaotiiwa na mwezi, ambao ni utii wa kweli usio na hesabu ya thawabu. Lakini mchukuzi mwenyewe anatafuta chakula cha watoto wake, na hiyo ni nia tukufu kuliko nia ya afya, kwa hiyo amali yake imeingia mizanini kwa mlango mwingine. Nisemalo kwa mkazo ni kwamba haijuzu kwetu sisi tulioshiba kuuita umaskini wake dawa. Atembeaye maili nyingi kwa mlo mmoja mkavu hana mafuta ya kusafisha. Mbele yake haki inageuka, na anayedaiwa ni jamii, inayomdai yeye jasho bila ya kumpa riziki inayolingana nalo. Ghazali alipoiweka miguu kabla ya tonge, alikusudia miguu ilifikie tonge.

Upande wa pili yuko mwenye gari, aliyeambiwa na daktari kwamba trigliseridi zake zimepanda, naye kila jioni huonekana akizunguka Kololo kwa viatu vyepesi. Huyu anatembea ili aishi. Je, yaweza kuitwa shukrani? Imamu alikwisha kuligusa swali la namna hii katika mlango wa nia na ikhlasi, alipomtaja mtu afungaye kwa ajili ya Mungu na wakati huo huo akitaraji faida ya mwili itokanayo na kufunga. Hakusema kwamba amali yake imepotea yote. Alisema itazamwe nguvu ya kila kichocheo, kipi kilichomwinua. Mimi nauona upole mkubwa katika hukumu hiyo. Mtu aweza kuanza kutembea kwa hofu ya mauti, kisha katika mteremko, miguu ikiwa imechangamka na pumzi imefunguka, akatambua kwamba chakula alichokila saa moja iliyopita kingali kinamhudumia, na kwamba hana lolote alilolifanya yeye katika kazi hiyo isipokuwa kutoizuia. Na utambuzi huo ndio ile elimu iliyotajwa kuwa nguzo ya kwanza. Katika mwezi wa Ramadhani twaipata amali hii bila ya kuiita jina lolote: futari imeliwa, na mara watu wanapanda kilima cha Kibuli kwenda kusali isha na tarawehe, wanasimama, wanarukuu, wanasujudu, kisha wanashuka kwa miguu. Kila hatua ya kuiendea sala, tumefundishwa, huandikwa. Kwa nini basi twaiacha desturi hiyo Shawwali inapoandama, tukarejea kula na kuketi?

Asiyeweza kutembea hana lawama, kwa sababu taklifu hufuata uwezo: mlemavu ana shukrani ya mikono yake, na mgonjwa wa moyo amwulize tabibu wake kabla ya kuvijaribu vilima vya mji huu. Lakini wapo wengi wasioweza kwa sababu isiyo ya mwili. Mama wa makamo aliyekula chakula cha jioni pale Kibuye akataka kutembea dakika zake 10 atapita wapi? Ukingo wa barabara umegeuzwa njia ya bodaboda, mfereji hauna kifuniko, taa hazipo, na palipo na nafasi pamepangwa bidhaa. Kipande kile cha Namirembe Road na Luwum Street kilichotengewa waendao kwa miguu na baiskeli kimeonyesha kwamba jambo linawezekana, nacho ni kifupi mno kwa mji wenye vilima vingi hivi. Sisi tulio watu wa dini tumezoea kuliacha suala hili mikononi mwa wahandisi wa Halmashauri, hali tunajua kwamba kukiondoa kinachowaudhi watu njiani kumehesabiwa na Mtume kuwa ni tawi la imani. Ikiwa mwendo ni utimilifu wa shukrani ya chakula, basi njia ni ala ya ibada, na kuitengeneza ni faradhi ya kutoshelezana, ambayo wasipoifanya baadhi yetu twapata dhambi sote.

Kilima cha Kibuli chenyewe ni ushahidi. Msikiti, shule na hospitali vilivyoko pale vimesimama juu ya ardhi aliyoitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu kwa ajili ya Waislamu, na katika tarehe ya Uislamu wakfu zimefanywa kwa madaraja, kwa visima na kwa njia za wasafiri kama zilivyofanywa kwa misikiti. Matajiri wetu wa leo huchangia mazulia na minara, Mungu awalipe. Natamani atokee mmoja miongoni mwao, awe mfanyabiashara au mrithi wa ardhi, atoe ukanda mwembamba kutoka kileleni hadi bondeni uwe wakfu wa njia ya miguu, wenye upana wa watu watatu wakiwa sambamba, wenye miti ya kivuli, taa za usiku na mfereji uliofunikwa, na bodaboda isikanyage humo. Hati yake iandikwe kwa jina la wote wapitao, Waislamu na wasio Waislamu, wenye gunia mgongoni na wenye viatu vyepesi, waliotia nia na wasioitia.